Mdhamini wa Tatu

Jina lake silitaji, na msinilazimishe. Walioliandika wametosha. Nitasema tu kwamba lilikuwa la tatu, chini kabisa ya ukurasa, pale mwomba kazi anapoorodhesha watu watatu wa kuulizwa habari zake, na kwamba namba ya simu iliyolifuata ilipungua tarakimu moja.

Binti wa fundi cherehani hakulibuni yeye. Alilikuta. Rafiki yake wa chuo, waliyemwita Mapengo, alimpa wasifu wake aunakili kama wafanyavyo wahitimu wote: unafuta jina la mwenzio unaweka lako, unajipachika uongozi ambao hukuwahi kuushika, basi, umemaliza. Wadhamini wawili aliwabadilisha. Wa tatu alimwacha, eti atamtafuta wake baadaye. Angemtoa wapi? Miaka miwili alizunguka kwenye makongamano ya ajira, akajipenyeza kwa wenye suti, akacheka vichekesho visivyochekesha, akagawa namba yake kama anayegawa pipi, na hakuna hata mmoja aliyempigia.

Siku alipoitwa kwenye usaili, mama mwenye miwani aliyeongoza jopo alifungua faili, akatabasamu. Alisema wadhamini wawili hawakupokea simu, ila wa tatu alipokea hata kabla haijaita.

“Amekusifu sana. Una bidii, hulalamiki, na huna mama wa kukurudisha nyumbani kila saa. Pole kwa hilo.”

Hapo ndipo ungetamani kumtandika kofi binti yule. Mama yake alikuwa hai, nyumbani, mgongo umekunjika juu ya cherehani, akishona sare za shule za watoto wa watu, sare zilezile zilizomsomesha yeye. Neno moja lingetosha. Lakini ukishaambiwa “tutakupigia” miaka miwili, unaogopa hata kukohoa.

“Asante,” alisema binti.

Chumba kikanuka nguo iliyounguzwa na pasi. Hakuna mwingine aliyekunja pua.

Kwa kawaida cherehani ya nyumbani ilisikika tangu getini, na ikinyamaza tu ujue mama anauliza, “Umekula?” Siku hiyo haikulia. Mama alikuwa ameketi, mguu juu ya pedali, akiutazama kama wa mtu mwingine. Ulikufa ganzi ghafla, alisema, saa tano hivi. Saa tano ndipo binti aliposema asante. Pasi ilikuwa baridi juu ya meza, na ile harufu ilijaa nyumba nzima.

Ganzi ikapanda. Hospitali hawakuona kitu. Siku ya tatu ilikuwa magotini, ya tano kiunoni, na siku ya sita mteja aliyefuata sare ya mwanawe akapiga hodi mchana kweupe, akaingia, akamtazama mama pale kitini usoni kabisa, akageuka kumuuliza binti kama nyumba hii haikuwa na fundi zamani, naye mama akimwita kwa jina mara tatu, sauti ikizidi kufifia, mteja akapita mbele yake, akachukua kitambaa chake, akaenda zake.

Binti akampigia Mapengo, ambaye tangu mwaka jana alikuwa na kazi nono ya bima. Mapengo alisikika akifunga mlango. Kisha akanong’ona kwamba wasifu ule aliukuta kwenye kompyuta ya duka la kuchapisha, na kila aliyemwacha wa tatu alipata kazi.

“Kwako alisema nini?”

“Alisema sina mtoto.”

“Lakini huna mtoto.”

“Nina viatu vyake vidogo sandukuni,” alisema Mapengo. “Mume wangu ananiambia sikuwahi kuzaa. Na wewe pia. Ulimbeba wewe siku ya arobaini.” Akakata simu.

Mganga aliyemwendea alikodi chumba nyuma ya duka la dawa, mwanamke mkavu asiye na muda wa porojo. Aliunusa wasifu, akausukuma mbali kwa ncha ya penseli.

“Huyu hakuvunja mlango,” alisema. “Ulimwita akusemee, akasema, ukaitikia. Rudi kwa waliosikia, useme kwa mdomo wako kwamba mama yupo. Kabla hujatia saini mkataba waliokuitia. Ukishatia, neno lake limekuwa kweli.”

Binti aliuliza kama hakuna njia nyingine, hata ya mbuzi. Mganga akamwambia mbuzi hakuomba kazi.

Basi akaenda. Njia nzima alilirudia lile neno: mama yupo, mama yupo. Mama mwenye miwani alimwekea mkataba na kalamu, akasema bila kuinua kichwa kwamba nje kuna waombaji mia tatu na kwamba waliodanganya kwenye wasifu kampuni huwafuta kabisa. Binti akafungua mdomo. Harufu ikamwingia hadi kooni, akajiambia kwamba atatia saini kwanza na kusema kesho, akishapata kadi ya bima atampeleka mama kwa madaktari wa maana, tena mganga mwenyewe ni nani hata asadikiwe, tena ni mama huyuhuyu aliyemwombea kazi hii kwa machozi, tena siku moja tu, siku moja haiui mtu, na alipotazama chini mkono ulikuwa umeshamaliza kuandika.

Tangu getini alisikia cherehani ikilia. Moyo ulimruka kwa furaha, akakimbia huku akicheka. Pedali ilikuwa ikipanda na kushuka, sindano ikidunga hewa, na kiti kilikuwa kitupu. Alikigusa. Kilikuwa bado na joto.

Akatoka nje kumuuliza jirani kama amemwona mama. Jirani aliacha kuanika nguo, akamshika mkono kwa huruma.

“Mama yako? Si tulimzika ukiwa chuo, mwanangu?”

Mnataka kujua kama aliacha kazi. Hakuacha. Alipothibitishwa alipewa jukumu la kuwapigia wadhamini wa waombaji wapya, na katika wasifu kumi na moja za kwanza, sita zilikuwa na lile jina la tatu. Angeweza kuzichana. Aliinua simu. Ilipokelewa kabla haijaita, harufu ikafika kwanza, kisha ikaja sauti iliyombembeleza usingizini tangu utoto.

“Umekula?”

“Nimekula, mama,” alisema, machozi yakimtiririka.

Sauti ikaanza kumsifu mwombaji. Ana bidii. Halalamiki. Hana mke wala ujauzito wa kumhangaisha. Kupitia kioo cha mlango binti alimwona kijana huyo kwenye benchi la ukumbini, na kando yake mkewe, tumbo kubwa, amempakatia bahasha ya vyeti isikunjike.

“Na wa pili, mama?” aliuliza binti, ili simu isikatike. Akaandika yote, kwa mwandiko mzuri.