Pai ya Mchungaji

"Mwanangu, hebu nisomee ule ubao. Nadhani miwani inanidanganya."

Fundi alitamani miwani iwe inadanganya kweli. Lakini ubao ulisimama mlangoni pa mgahawa wa Kiingereza, maandishi ya chaki makubwa, kila mpita njia anayaona:

LEO: PAI YA MCHUNGAJI. LAINI KABISA, MENO HAYANA KAZI!

Baba yake alikuwa mchungaji wa kanisa. Na meno yake yote ya juu yalikuwa ya bandia.

"Baba, huenda..."

"Umesoma?"

"Nimesoma."

"Basi miwani ni nzima."

Mzee aligeuka, akavuka barabara, akaketi kwenye benchi la kituo cha teksi, mgongo wima, kofia mapajani. Binti yake alibaki upande wa mgahawa.

Na leo ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Posa ya Mwiko kumwoa Fundi ilikuwa na miezi miwili haijajibiwa. Mwiko ndilo jina alilopewa na wenzake jikoni, likamganda. Kazi yake ilikuwa kupika vyakula vya Kiingereza katika mgahawa huo, ambamo wateja wengi waliingia kwa udadisi tu, wakatoka wakisimuliana. Mchungaji alikuwa amesema: "Nitakula chakula chake kwanza. Nikishiba, nitatoa jibu." Fundi, mshona nguo asiyekosea kipimo, alikuwa ameshaanza kuwaza gauni lake mwenyewe.

Akatoa simu.

"Mwiko, toka nje."

"Mpenzi, mmefika! Mwambie baba akae meza ya dirishani, mimi naepua sasa..."

"Mlango wa nyuma. Sasa hivi."

Fundi alizunguka nyuma ya mgahawa. Mwiko alitoka na unga mpaka kwenye nyusi, anatabasamu. Alipoona uso wa Fundi, tabasamu likakauka.

"Umeandika nini pale mlangoni?"

"Chakula cha leo."

"Pai ya Mchungaji?"

"Si ndilo jina lake! Mama mwenye mgahawa aliniambia nitafsiri orodha nzima, neno kwa neno. Waingereza wameiita hivyo kwa sababu ya wachunga kondoo. Sasa mchunga kondoo kwa Kiswahili ni nani kama si mchungaji? Mbona jana niliandika Chura Shimoni na hakuna chura aliyelalamika?"

Siku nyingine Fundi angecheka mpaka ashike ukuta. Chura Shimoni ilikuwa soseji zilizookwa ndani ya unga, na jina lake lilishamkimbiza mteja mmoja na mkewe.

"Haya. Mchungaji ametoka Uingereza. Na meno je? Nayo yametoka Uingereza?"

Mwiko akainamisha kichwa.

"Meno niliyaandika mimi."

"Nilikuambia wewe peke yako!" Sauti ya Fundi ilipasuka. "Nililia mbele yako nimeshika suruali ya baba, naipunguza kiuno mara ya pili. Nikakwambia mzee hali chakula, meno yanamuumiza, anaona aibu. Na wewe ukaenda kuchukua chaki!"

"Nisikilize kidogo..."

"Siri ya baba yangu umeifanya tangazo la biashara. Sitaki kukuona, Mwiko. Yameisha."

Akaondoka bila kugeuka. Aliogopa kwamba akigeuka ataonekana analia, na hakutaka Mwiko apate hata hilo.

"Twende nyumbani, baba," alisema alipofika kwenye benchi.

"Ngoja kidogo. Magoti yamekasirika kuliko mimi."

Akaketi kando yake. Simu ikalia, ujumbe umeingia. Akainyamazia. Ikalia tena. Ikalia mara ya tatu.

"Unaitwa," alisema mzee.

"Aite mpaka achoke."

"Soma, mwanangu. Hata mwizi husikilizwa kabla ya kuhukumiwa. Soma kwa sauti, maana mlalamikaji ni mimi."

Fundi akasoma, kwa sauti kavu kama ya karani.

"Nimefuta ubao. Nimekosea, sina la kujitetea."

Ujumbe wa pili:

"Kila Jumapili hapa ni nyama ya ng'ombe ya kuoka. Ni tamu lakini ngumu, inataka meno ya simba. Nilimwomba mama mwenye mgahawa tuiache leo, tupike kitu laini. Akakataa. Nimembembeleza wiki nzima mpaka jana akachoka akakubali."

Ujumbe wa tatu:

"Nilitaka baba akifika aone chakula kinachomfaa, aagize kama watu wote, asilazimike kumweleza mhudumu mbele yako. Sikufikiria jina na meno vikikaa pamoja vitasema nini. Niombee msamaha kwa baba, hata kama wewe hutanisamehe."

Pale kwenye "kama watu wote" ukavu wa sauti ulimwishia.

Mchungaji alizungusha kofia yake mikononi.

"Alibadilisha chakula cha mgahawa mzima?"

"Ndiyo, baba."

"Kwa ajili ya fizi zangu."

"Ndiyo."

"Mama," hivyo ndivyo alivyomwita binti yake moyo ukilainika, "unajua kanisani wanadhani nafunga?"

"Nani anadhani?"

"Wote. Kila nikialikwa nakataa chakula, wanasema mchungaji yuko kwenye maombi ya kufunga. Wazee wa kanisa wawili wameanza kuniiga. Mmoja juzi aliishiwa nguvu katikati ya wimbo."

Fundi alijikaza. Akashindwa. Kicheko kilimtoka pamoja na machozi, mzee naye akafuata, mpaka dereva wa teksi akachungulia dirishani kuona kuna nini.

"Si jambo la kucheka," alisema Mchungaji, anapangusa macho. "Nimeona aibu ya meno kuliko aibu ya uongo. Inuka. Nina njaa ya miezi mitatu."

Mwiko alileta sahani mbili mwenyewe kwenye meza ya dirishani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Kwa hiyo huyu ndiye mimi?"

"Ndiyo... hapana, baba! Ni nyama ya kondoo ya kusaga, juu yake viazi vya kuponda."

"Ahaa. Aliyetajwa ni mchungaji, lakini anayeliwa ni kondoo."

"Ndiyo, baba."

"Wapo wachungaji wa namna hiyo."

Mwiko hakujua kama anaruhusiwa kucheka. Mzee akatoa leso, akainama, akavua meno yake, akayafunga vizuri, akayaweka mezani kando ya chumvi. Mbele ya kila mtu. Kisha akashika kijiko.

Akaanza kula. Fundi hakugusa chake. Alimtazama tu baba yake anavyomeza, na kila kijiko kilimpunguzia uzito fulani kifuani. Sahani ilipobaki nyeupe, mzee aliinua macho.

"Ipo nyingine?"

"Ipo, baba! Ipo nyingi!"

Katikati ya sahani ya pili ndipo alipomgeukia Mwiko, maneno yakiteleza kidogo kwa kukosa meno.

"Kijana, siri ya nyumba yangu uliitoa barabarani. Hilo ni kosa. Lisirudiwe."

"Halitarudiwa, baba. Nisamehe."

"Nimeshakusamehe. Maana watu wengi wakipewa siri huipeleka mdomoni. Wewe uliipeleka jikoni." Akachota tena. "Nimeshiba. Waambie wazee wako waje Jumamosi. Jibu langu ni ndiyo. La huyu hapa silijui, muulize mwenyewe."

Mwiko akamgeukia Fundi. Mikono hakujua aiweke wapi.

"Bado umekasirika?"

"Sana."

"Nifanye nini?"

"Sogea."

Akasogea. Fundi akanyanyuka, akampangusa unga kwenye nyusi kwa kidole gumba, taratibu, hana haraka, huku baba yake akijifanya anatafuta kitu kwenye sahani.

"Ninazo siri nyingine nyingi, Mwiko. Za kwangu mwenyewe. Zinazouma kuliko meno."

"Sitaandika hata moja."

"Usiandike," alisema, na sasa alikuwa anatabasamu. "Zipikie tu, kama ulivyoipikia siri ya baba. Nitakuambia moja moja mpaka tuzeeke."