Kamera ya Wageni wa Bwaise

Sanduku la kamera lilikuwa wazi ndani ya basi dogo la wageni, na kamera haimo.

Inspekta Okeny aliinama akalitazama bila kuligusa. Lilikuwa sanduku gumu, la kufungwa kwa namba. Pembeni yake palikuwa na kompyuta mpakato, simu mbili na mkoba wa kike. Hivyo vyote vilikuwa salama.

"Mlalamikaji ni nani?"

"Ni mimi, afande." Vera Ajwang alikuwa kiongozi wa kikundi cha kanisa kutoka Kisumu, kinachosaidia watoto yatima, wagonjwa na walemavu, wa kituo hiki cha Mikono Miwili, hapa Bwaise. "Tumevuka mpaka kuja kuwaona watoto. Picha zote za ziara zimo kwenye hiyo kamera. Nitawaonyesha nini watu wa nyumbani?"

"Nani aliishika mwisho?"

"Wangila, mpiga picha wetu. Aliirudisha kwenye sanduku, ndipo tukaenda kula."

Wangila, kijana mrefu aliyevaa fulana ya kikundi, aliitikia kwa kichwa.

Olivia, mkurugenzi wa kituo, akamvuta Okeny kando. "Afande, usihangaike sana. Kuna mwanamke hapa anafua nguo, mkimbizi kutoka Kongo. Wageni walipokuwa mezani nimemkuta nyuma ya gari, analia. Tumempa kazi, tazama sasa anavyotulipa."

Mkuu wa Okeny alikuwa haishi kumpigia simu: wageni wa nje wameibiwa, jambo limalizwe haraka. Jibu lililokuja limeiva lilimpendeza.

Mfuaji huyo, Bibiane, alihojiwa uani, mbele ya watu wote, mikono yake ikiwa bado na povu la sabuni.

"Ulikuwa unatafuta nini kwenye gari?"

"Sikuwa kwenye gari, afande. Nilikuwa kwa mulango wa stoo."

"Stoo imefungwa. Ulitaka nini huko?"

Bibiane alijifuta povu kwenye kitenge.

"Ulikuwa unalia nini?"

"Moshi."

"Wewe unafua. Moshi umeutoa wapi?"

Mtu mmoja nyuma akacheka. Okeny hakumnyamazisha.

"Una ndugu hapa? Una mtoto kati ya hawa?"

Bibiane alimtupia Olivia jicho, kisha akatazama chini. "Sina mutoto hapa."

Okeny alijua kwamba huo ni uongo. Hakujiuliza ni uongo wa nini. Akamtia pingu.

Barazani, msichana wa miaka kama kumi aliyeketi sakafuni, miguu yake myembamba imejikunja chini yake, alipiga ukelele mmoja, halafu akajiziba mdomo kwa mikono yote miwili. Okeny alimwona. Akapita.

Alasiri, Konstebo Nusura, aliyebaki nyuma kukagua eneo la tukio, aliingia ofisini na kusimama mbele ya meza.

"Afande, sanduku halikuvunjwa. Limefunguliwa kwa namba. Na alama za vidole zilizo kwenye kufuli si za yule mama."

Okeny akampigia Vera simu. "Nani anajua namba za sanduku?"

"Mimi na Wangila tu. Na mimi sikutoka mezani hata mara moja, wote waliniona. Kwani nini, afande?"

Okeny alikata simu. Kufuli zima, kompyuta imeachwa: yote hayo aliyaona tangu mwanzo kwa macho yake. Hata kuruta wa chuo cha polisi angeuliza. Yeye hakuuliza, kwa sababu aliyenyooshewa kidole alikuwa mfuaji nguo asiye na mtu wa kumtetea.

Walirudi Bwaise. Kwanza akaamuru stoo ifunguliwe. Ndani, kati ya magunia ya unga, kilisimama kiti cha magurudumu kilichochomelewa na mafundi wa mtaa wa Katwe, chenye magurudumu ya baiskeli. Mgongoni kilikuwa kimeandikwa kwa rangi nyekundu: Exaucée.

"Exaucée ni yupi?"

Nusura alielekeza macho barazani, kwa msichana yule yule.

"Kiti chake kinafanya nini huku?" Okeny alimuuliza Olivia.

"Kimeharibika."

Okeny alikisukuma. Kikaenda vizuri, bila hata mlio.

"Madamu."

Olivia alishusha sauti. "Afande, wageni wakikuta watoto wanajiweza, wanakwenda kusaidia kituo kingine. Nani atawalisha hawa? Wewe?"

Okeny alimwacha hapo. Alimkuta Wangila nyuma ya nyumba, amesimama peke yake karibu na mtaro wa maji machafu. Wageni wote walikuwa na vumbi viatuni. Viatu vya Wangila vilikuwa vimeoshwa, bado vina unyevu.

"Iko wapi?"

Kijana akaonyesha mtaro kwa kidevu. Nusura alitafuta kwa reki, akaivuta kamera ikichuruzika tope jeusi. Vera alikuja mbio, Olivia nyuma yake.

"Wangila! Ni wewe?"

"Ni mimi, mama."

"Eleza," Okeny alisema.

"Madamu alisema msichana akitambaa, picha itagusa watu. Njia niliichagua mimi mwenyewe, kutoka barazani hadi mlangoni. Mara ya kwanza mwanga haukuwa mzuri, nikamwambia arudie. Akarudia. Magoti yakachubuka. Akajikojolea, na sikuzima kamera. Alipofika miguuni pangu aliniuliza polepole, asisikike: 'Kaka, nikitambaa vizuri, watanirudishia kiti?'"

Vera aliweka mkono kifuani.

"Kwa nini hukuzifuta tu hizo picha?"

"Mama Vera angesema turudie kesho. Nilitaka pasiwe na kamera kabisa."

"Na yule mama nilipomtia pingu, wewe ulikuwa wapi?"

Wangila aliinua uso kwa mara ya kwanza. "Nilikuwa nimesimama kando yako, afande. Niliona aibu kusema nilichofanya. Kadiri nilivyokaa kimya, ndivyo ilivyozidi kuwa ngumu."

"Mimi niliambiwa hana kiti," Vera alisema, machozi yakimtoka. "Niliambiwa ni yatima. Hana baba, hana mama."

"Mama yangu mmemupeleka wapi?"

Waligeuka. Exaucée alikuwa amejikokota kutoka barazani hadi kwenye kona ya nyumba. Nusura aliingia stoo, akatoka na kiti, akampakia mtoto bila kumtazama yeyote usoni.

Olivia na Wangila walipelekwa kituo cha polisi kuandika maelezo. Okeny hakungoja kuyasikia. Alikwenda moja kwa moja mahabusu, akafungua mlango mwenyewe.

"Mama Exaucée."

Kusikia jina hilo, Bibiane alishtuka, akajibana ukutani.

"Toka, mama. Nilikufunga bure. Kamera ilitupwa na mpiga picha wao. Nisamehe."

"Nani amekuambia mimi ni mama yake?"

"Mtoto mwenyewe."

Bibiane akafunika uso. "Madamu alisema kituo ni cha yatima. Nikijulikana, tunatoka sisi wote wawili, na mimi sina pa kumupeleka. Niliambiwa nikae na nguo ninazofua, wageni wakija, nisimuite. Leo nilimuona anatambaa mbele ya watu. Nikaenda kwa stoo, nikavuta kufuli. Halikufunguka." Alishusha mikono. "Afande, uliponiuliza kama nina mutoto... alisikia?"

Okeny angeweza kudanganya. Siku nzima ilikuwa imejaa watu waliodanganya kwa nia nzuri.

"Alisikia, mama. Mimi ndiye niliyekuuliza mbele yake."

Bibiane alijifunga kitenge upya, akaomba maji ya kunawa uso, ili mtoto asijue kwamba amelia.

Konstebo wa zamu aligeuka kuyafuata. Okeny alimzuia, akachukua ndoo, akaenda kuchota mwenyewe.