Emiliana Hakuhesabiwa Popote

Kila asubuhi Emiliana aliwasha moto, akachemsha uji, kisha akambeba mgongoni Derick, mtoto wa mama yake mdogo. Alikuwa na miaka tisa. Kwao ni Ihanja. Aliletwa hapa Mitundu wakati wa kupanda, amsaidie mama mdogo Rahabu kulea. Sasa watu walikuwa wanavuna mtama, naye bado alikuwepo. Shule alikuwa hajaanza.

Siku moja Rahabu alirudi mbio kutoka kisimani, ndoo ikiwa nusu.

"Laurenti, kuna watu wanapita nyumba kwa nyumba," alimwambia mumewe. "Wanatafuta watoto wasiosoma. Wanasema mzazi anakamatwa."

"Nani anasema?"

"Watu."

Na watu wakishasema, nani atabisha? Laurenti alikuwa anafunga mbuzi. Aliiacha kamba.

Rahabu alimshika Emiliana bega. "Nenda kichakani ukakae. Ukisikia mtu anakuita, usiitike. Umesikia?"

"Ndiyo, mama."

Kichaka cha huku si mchezo. Miti imesongamana, ukiingia kidogo tu huonekani tena. Mtoto aliingia peke yake.

Haukupita muda, hodi ikapigwa. Alikuwa Jenipher, mwalimu aliyepewa kazi ya kuhesabu watoto wa kitongoji. Walisalimiana, akapewa kigoda.

"Mama, watoto wa umri wa shule ya msingi wanaoishi hapa ni wangapi?"

"Hakuna. Ni huyu mdogo tu."

Rahabu alitupia jicho kichakani. Jenipher aliiona hofu yake.

"Usiogope, mama. Sikuja kumkamata mtu. Shuleni tunawajua watoto wanaokuja. Asiyekuja hatumjui, ndiyo maana tunapita majumbani. Tunahesabu watoto wote wa umri huo, halafu tunaangalia kati yao wangapi hawasomi. Mtoto akifichwa, hatutajua kwamba anahitaji darasa na mwalimu."

"Na kama ni mgeni?" Laurenti aliuliza polepole.

"Amekuja lini?"

"Wakati wa kupanda."

Jenipher alicheka kidogo. "Mgeni siku mbili, baba, ya tatu mpe jembe. Huyo ni wenu. Kwao watasema yuko kwenu, ninyi mnasema ni mgeni. Basi hahesabiwi popote. Mtoto tunamhesabu pale anapoishi."

Kabla hawajamjibu, mwanamume mwenye ndoo za asali kwenye baiskeli alipita barabarani. Alipaza sauti, "Msiende kichakani jamani, tembo wako huku."

Rahabu alimnyakua Derick, akamweka mgongoni. "Mtoto wangu yuko mle," alisema.

Walikimbia wote watatu, Derick akilia mgongoni kwa mama yake. Waliita, "Emiliana, Emiliana." Kimya. Mbele yao matawi yalikuwa yamevunjwa, na kinyesi cha tembo kilikuwa kibichi. Laurenti alianza kusali kwa sauti. Ndipo Rahabu alipokumbuka alichomwambia mtoto, na moyo ukamchoma.

"Emiliana, ni mimi mama yako mdogo. Nilikosea. Itika, mwanangu."

Sauti ndogo ilitoka chini ya miiba, karibu nao kabisa.

"Abee."

Alikuwa amejikunja, analia kimyakimya. Aliwasikia muda wote. Alitii tu.

Pale pale Laurenti alimgeukia Jenipher. "Mwalimu, andika. Tunaye mmoja, na hasomi."

Hakukamatwa mtu. Laurenti alimpigia simu Theresia, mama wa mtoto, naye akakubali binti asomee Mitundu. Kumbe watoto kama yeye walikuwa wengi kuliko kijiji kilivyodhani. Walitosha kufunguliwa darasa la waliochelewa kuanza. Sasa Rahabu huenda shambani na Derick mgongoni. Anachoka, na hafichi kwamba anachoka. Lakini Emiliana anasoma, na juzi alimsomea maandishi ya mfuko wa mbegu.

Jana jirani yao, Saada, alimfuata Rahabu njiani. Kwanza aliangalia nyuma.

"Ni kweli hawakukukamata?"

"Hawakunikamata."

Saada alimshika mkono.

"Basi nisindikize kwa mwalimu," alisema. "Na mimi ninaye mmoja ndani. Hatembei. Hata wewe hujawahi kumwona."