Uzito wa Gari Tupu

Gari lilikuwa tupu, lakini nyuma lilikuwa limelala.

Asanasio aliliona hilo mapema, gari lilipokuwa likiingia gereji yake pale Bwera asubuhi ya Jumatatu, na akalipuuza, maana alikuwa ameona springi nyingi zilizochoka. Ilikuwa vani ya dizeli ya miaka mingi, rangi imebabuka, mlango wa pembeni umefungwa kwa waya. Ilipanda kiinuko kifupi cha gereji kwa gia ya kwanza, ikilia na kutoa moshi mweusi, kana kwamba imepakia saruji. Ndani walikuwa watu watatu tu: Bright, dereva, Kaswera, mwenye gari, na binti yake wa miaka tisa, Alliance, aliyekaa peke yake kwenye kiti cha nyuma kabisa.

Kaswera alishuka kabla gari halijasimama sawasawa. Alikuwa mjane, mkimbizi wa Beni, na kwa gari hilo alikuwa akitoa vitunguu Karambi kupeleka soko la Kasese, na kila Jumamosi Alliance alimfuata. Siku hiyo alikuwa na hasira.

"Fundi, sikia," alisema. "Gari inakosa nguvu miezi mbili sasa. Wa kwanza alisema nozeli, akabadilisha. Wa pili alisema pampu, akafungua, akafunga. Hakuna mwenye aliangalia kitu hata dakika tano! Leo ninapeleka mutoto hospitali, na gari inanikufia njiani. Kama hujui, sema hujui."

Hasira yake ilikuwa ya haki. Fundi anayebadilisha vifaa kwa kubahatisha, tena kwa jasho la mjane, ni mwizi tu, na mimi sioni jina jingine la kumpa.

"Mutoto iko na nini?" Asanasio aliuliza.

"Miguu. Ganzi ilianza kwa vidole, ikapanda magoti. Jana imefika kiuno. Daktari haoni kitu, lakini alisema ikifika kifua, hatapumua." Kaswera alitazama dirisha la nyuma. "Na kwa bodaboda siwezi kumupandisha, hawezi kujishika."

Asanasio alimtazama mtoto kupitia dirishani. Alliance alikuwa amekaa wima, mikono pembeni, kama mtu aliyebanwa katikati ya abiria wanene.

"Nipe saa moja, Mama Alliance. Sitabadilisha kitu. Nitaangalia tu."

Na akaangalia, kwa njia za fundi asiye na mashine ya maana. Alitoa chujio la hewa, akaliinua juani: mwanga ulipita. Akaunga kwenye njia ya mafuta kipande cha mpira wa dripu, ule unaoonyesha ndani, aone kama kuna povu: mafuta yalipita safi. Akawasha injini, akaanza kulegeza nati za mabomba ya nozeli, zile zinazonyunyizia silinda mafuta, moja baada ya nyingine. Kila alipolegeza, mlio wa injini ulikwama. Kila alipokaza, ulirudi. Silinda zote nne zilikuwa zikifanya kazi. Wale mafundi wawili walikuwa wametibu kisichoumwa.

Alipopiga jeki magurudumu ya mbele, yalizunguka kwa mkono bila kushika. Alipokwenda nyuma, jeki ililia, ikainua kidogo, kisha ikaanza kutema mafuta yake na kushuka taratibu.

Hapo ndipo injini ilipokuwa imepata moto vizuri, na harufu ikaja. Haikuwa ya dizeli. Ilikuwa ya udongo uliolowa, ya mbao za mkaratusi zilizopasuliwa juzi, na chini yake ile dawa kali inayowekwa maiti asioze.

"Bright," Asanasio aliita polepole. "Gari imebeba nini?"

"Hakuna kitu, Mzee." Bright alikuwa amesimama mbali, karibu na lango. "Unaona mwenyewe, iko tupu."

"Moteri iko muzima. Moshi mweusi, nguvu kidogo, springi imelala. Hii hapana gari mugonjwa. Hii ni gari iko na mzigo."

Kaswera aligeuka na kumkazia macho dereva wake. Bright alitazama viatu vyake.

Njiani kwenda Kisinga kuna stoo moja ya kahawa yenye mizani ya kupimia malori, na mwenye mizani alikuwa akifahamiana na Asanasio. Akawapeleka huko kulipima gari, wakafika kwa kutambaa. Wakubwa wote watatu walishuka, wakamwacha Alliance kwenye kiti chake. Kadi ya gari ilisema lina kilo elfu moja mia sita na arobaini. Mizani ilisema elfu moja mia tisa na kumi.

"Mutoto ni kilo ishirini na tano," Kaswera alinong'ona. "Hizo zingine ni za nani?"

Namba ikapanda mbele ya macho yao: mia tisa kumi na mbili. Mia tisa kumi na tano. Springi zikatoa mlio mdogo, ule unaotoka mtu mzito anapojiweka vizuri kitini.

"Mama," Alliance alisema kutoka ndani. "Iko muzito."

"Nini iko muzito?"

"Ule baba. Mwenye ananikalia."

"Baba gani? Sababu gani hukusema?"

"Nilisema, mama. Kila Jumamosi nilisema. Ulisema ninyamaze, uko nahesabu magunia."

Kaswera aliruka ndani ya gari akamshika binti yake kwapani kumtoa, na mtoto hakuinuka. Akamwita Asanasio, wakavuta wawili, mzee wa mikono iliyozoea kubeba injini na mama aliyezoea kubeba magunia, wakavuta mpaka Alliance akalia kwamba mabega yanakatika, na mtoto wa kilo ishirini na tano akabaki pale pale, amebandikwa kwenye kiti, sketi yake imebonyea mapajani kwa uzito wa kitu wasichokiona, huku ile harufu ya mbao na dawa ikiwajaa puani na baridi ya nguo iliyonyeshewa ikiwagusa mikono, na nje mwenye mizani akipiga kelele kwamba namba bado inapanda.

"Imefika wapi?" Kaswera alimuuliza binti yake. "Ganzi. Imefika wapi?"

Alliance aligusa chini ya mbavu.

Kaswera alishuka. Hakulia. Alikwenda moja kwa moja kwa Bright, akamkamata kola ya shati kwa mikono miwili, akamgonga mgongo kwenye ukuta wa stoo.

"Ulipakia nini kwa gari yangu?"

"Mama, niache niseme..."

"Sema!"

Bright akasema. Miezi miwili nyuma, siku Kaswera alipokwenda Kasindi kwenye msiba, yeye Bright alilichukua gari kwa siri. Kulikuwa na mzee wa Kyondo aliyefia Kasese mjini, na mkewe Ketura alikuwa akitafuta gari la kumrudisha nyumbani. Kwa watu wa ukoo ule, aliyefia mbali hasemeshwi na ndugu njiani. Anayesema naye ni yule aliyemchukua. Dereva hugonga jeneza kwenye kila daraja, akamwambia marehemu wamefika wapi, na mwisho wa safari humwambia: tumefika nyumbani, shuka. Ketura alimweleza Bright yote hayo, na Bright akaitikia, hela akatia mfukoni.

"Daraja ya kwanza niligonga," alisema. "Zingine nilisahau. Halafu mvua ikakuja. Tukafika chini ya ule mlima wa Kyondo, matope mingi. Mimi nikaogopa. Gari ikichafuka, Mama atajua."

"Kwa hivyo?"

Bright alijaribu kujinasua. Asanasio ndiye aliyesogea karibu.

"Kwa hivyo, kijana?"

"Nilikanyaga klachi, nikapiga resi. Nikawaambia moteri imekufa. Haina nguvu ya kupanda."

"Na ilikuwa na nguvu?"

"Ilikuwa."

Aliwashusha wafiwa kwenye mvua, na jeneza lao, gari likiwa zima, likinguruma chini ya kiti chake. Kisha akageuza akateremka akipiga mluzi. Nimejaribu kumwonea huruma kijana huyo kwa sababu ya umri wake, nimeshindwa.

"Sasa yeye anangoja," Asanasio alisema. Uso wake ulikuwa umepauka. "Sanduku walibeba. Yeye mwenyewe hakuna mutu alimwambia ashuke. Tumupeleke."

"Gari haitapanda," Bright alilia.

"Itapanda mpaka pale ulidanganya," Kaswera alisema. "Endesha."

Kutoka pale stooni hadi chini ya mlima si mbali, lakini walitumia saa mbili, gia ya kwanza, moshi mweusi nyuma, watu wa njiani wakisimama kutazama vani tupu inayokokota tumbo lake kwenye mawe. Kwenye kila daraja Bright aligonga dashibodi kwa vidole na kusema wamefika wapi, na kila aliposema, kitu kule nyuma kilicheka kwa pua, kwa dharau, kama mzee anayesikiliza mtoto mwongo. Kaswera alikuwa amemkumbatia Alliance kadiri alivyoweza, akihesabu pumzi zake. Zilikuwa fupi. Ganzi ilikuwa imefika kwenye chuchu.

Chini ya mlima, mahali pale pale, injini ikazima. Asanasio hakufungua hata boneti.

Kijana wa bodaboda aliyekuwa akipita alitumwa juu kumwita Ketura. Alikuja kwa miguu, mwanamke mwembamba wa miaka sitini, jembe bado mkononi. Alisema kwa Lhukonzo, lugha ya milima ile, na Kaswera alielewa kila neno, maana Kinande chake na Lhukonzo ni ndugu.

"Ni wewe," alimwambia Bright. "Moteri imepona?"

Bright alipiga magoti. "Mama, nisamehe. Mwambie ashuke."

"Tulikuwa wanaume wanne na wanawake watatu," Ketura alisema, bila kupaza sauti. "Tulianguka mara tano. Mara ya tano sanduku lilipasuka. Mume wangu aliingia matopeni uso chini, mwanangu Nobert akamtoa kwa mikono. Nilimpangusa macho kwa kitenge changu. Miezi miwili namwota amekaa mahali penye giza, ananiuliza kwa nini safari haiishi."

"Mama," Kaswera alisema. Hasira yote ilikuwa imemwishia, imebaki hofu tupu. "Gari ni yangu. Sikujua. Nakuomba, mtoto wangu anakufa."

Ketura aliingiza kichwa ndani. Alimwona msichana, midomo ya kijivu, kichwa kimeanza kulala. Kisha akagonga bodi ya gari mara tatu kwa mpini wa jembe.

"Baba Nobert," alisema. "Huyu si mtoto wa aliyekukosea. Mwachie. Shuka kwenye gari."

Springi zilipiga kelele. Gari lote likainuka nyuma kwa mkupuo mmoja hadi Asanasio akarudi hatua mbili, na ile harufu ikatoka mlangoni ikawapita wote. Alliance alivuta pumzi ndefu, akaanza kulia kwamba miguu inamchoma, inamchoma kama siafu, na Kaswera akamtoa kwa mkono mmoja tu, akamweka chini, akamwona anasimama. Kaswera alianguka magotini akazikumbatia zile nyayo ndogo, akazilaani na kuzibusu, hakujua anachosema.

Bright alikuwa akicheka na kutoa machozi. "Asante, Mama. Asante sana." Akajaribu kuinuka kutoka pale alipopiga magoti.

Hakuinuka. Alishika ardhi kwa mikono miwili. Shati lake likabonyea mabegani, kola ikavutwa nyuma kana kwamba imeshikwa, na shingo yake ikainama polepole mpaka kidevu kikagusa kifua.

"Mama," alisema kwa sauti ndogo. "Hajashuka."

"Ameshuka kwenye gari. Ndilo nililomwambia."

"Mwambie aniachie na mimi!"

"Wewe ndiye uliyemchukua. Mfikishe nyumbani, umwambie mwenyewe."

Bright aliinua macho kwa shida, akautazama mlima, njia nyembamba inayopanda katikati ya kahawa hadi isipoonekana. Akaweka mguu mmoja mbele. Ulizama kwenye udongo mkavu hadi kifundoni.

"Ni mbali kiasi gani, Mama?"

Ketura alitupa jembe begani.

"Sisi hatukuuliza," alisema, akatangulia.