Matroni Agoma Kufaulu

Ukumbi ulifurika wazee waliokuja kuthibitisha kwamba hawajafa. Ndivyo serikali ilivyotaka kila mwaka: uje mwenyewe, uweke kidole kwenye kimashine, kijana wa kaunta akukazie macho mpaka aridhike kwamba bado unapumua, ndipo pensheni yako iendelee. Matroni alikuwa katikati ya foleni, ndani ya gauni la kijani lililopigwa pasi likanyooka, na viatu vyeupe visivyo na doa, na alikuwa anawadharau karibu wote waliomzunguka.

Hakuwadharau kwa uzee. Yeye mwenyewe alikuwa na miaka sitini na mmoja na magoti yake yalikuwa na ugomvi na kila ngazi. Aliwadharau kwa unafiki. Mbele yake, kwa mfano, alisimama mkurugenzi mmoja aliyeagwa kwa keki na hotuba ndefu, akalia hadharani, na baada ya miezi miwili akarudi ofisi ileile, kiti kilekile, sasa akiitwa mshauri. Kitambulisho cha kazi alikuwa amekificha mfukoni, ila kamba yake ilining'inia nje.

"Hapo kwenye fomu wanapouliza kama umeajiriwa tena," mkurugenzi alimnong'oneza jirani yake, "wewe paruke tu."

"Mimi nimepajaza," Matroni akasema kwa sauti ya wodini, ile iliyokuwa ikiwanyamazisha ndugu wa wagonjwa. "Nimeajiriwa na zahanati ya mtu binafsi, mchana kweupe. Anayeficha anajua anachoficha."

Vichwa vikageuka. Mkurugenzi akaanza kuitazama dari. Nyuma ya Matroni mwanamume akacheka, kicheko kizito cha kutoka tumboni, na Matroni alipogeuka akakutana na mzee mrefu mwenye upara unaong'aa, shati jeupe limechomekwa vizuri, harufu ya sabuni ikimtoka kana kwamba ametoka kuoga sasa hivi. Mwanamume wa kupendeza. Jambo hilo likamuudhi, kwa sababu papo hapo alimtambua.

"Wewe ni Mtahini."

"Nilikuwa. Nimestaafu, bibie."

"Miaka ishirini na sita iliyopita nilifanya mtihani wa udereva. Ulikaa pembeni yangu dakika nne, ukaandika neno moja: Hafai. Kosa hukutaja."

Kicheko kikamkauka. Matroni akashusha macho kwenye mfuko wa shati, palipodariziwa jina la shule ya udereva.

"Kumbe siku hizi unauza kile ulichokuwa unatunyima!"

"Nafundisha, ndiyo," akajibu taratibu. "Asubuhi nina nafasi, ukitaka."

"Nitembee kwa miguu mpaka kaburini kwanza."

Lakini leseni aliihitaji. Zahanati ilimpa kazi ya kuwazungukia wagonjwa wasioweza kutoka majumbani, kuwasafisha vidonda na kuwapa dawa. Kigari kilikuwepo, dereva hakuwepo. Mwenye zahanati, daktari kijana ambaye Matroni ndiye aliyemfundisha kushika sindano, alimwambia kwa adabu zote kwamba akifika mwisho wa mwezi ujao bila leseni, nafasi itakwenda kwa mwingine. Matroni akaulizia shule tatu za udereva. Mbili zilikuwa zimejaa. Ya tatu, ile iliyodariziwa kwenye mfuko wa Mtahini, ilimpangia mwalimu wa asubuhi, na alipofika akamkuta yeye mwenyewe amesimama kando ya gari, anafuta kioo kwa leso yake mwenyewe.

"Usiseme neno," Matroni akamwambia, akaingia.

"Klachi, mama. Taratibu."

"Usiniite mama. Ningekuzaa mimi ungekuwa na adabu."

"Basi, Matroni. Umeikanyaga klachi kama unaua mende."

"Nimewaza sura fulani."

Hivyo ndivyo walivyoanza. Alimdharau kwa namna anavyokohoa kabla ya kusema breki, kwa namna anavyowapungia mkono madereva wenzake wote wa mji, kwa kula mkate ndani ya gari la kazi. Wiki ya pili akajikuta anamdharau hata akiwa nyumbani, anapika, peke yake. Wiki ya tatu simu ikaanza kulia kila asubuhi.

"Umeamkaje, dereva wangu?"

"Nimeamka. Na mimi si wako."

"Dereva, basi."

"Bado hujanifanya dereva. Umenifanya kichekesho cha mtaa."

"Leo umevaa nini, nijue nikifute kiti kiasi gani?"

"Gauni la bluu. Na kifute kweli, jana kilijaa makombo."

Akakata simu, akaenda kusimama mbele ya kioo, akavua gauni la kahawia, akavaa la bluu.

Siku moja walikuwa wameegesha chini ya kivuli cha ghorofa, injini imezimwa. Mtahini, ambaye mkewe alikuwa amefariki miaka sita nyuma, alikuwa ametoka kumsimulia jinsi alivyokosa la kufanya nyumbani, mpaka akawa anasoma maelezo yaliyoandikwa kwenye makopo ya dawa za mbu. Ghafla akabadilisha maneno.

"Ile siku yako ya mtihani sikutazama hata unavyoendesha. Wakubwa hawakutaka wanawake wengi wapite. Nikaona viatu vya unesi, nikasema huyu nimwandikie upesi niende kunywa chai."

"Na ukalala usingizi usiku ule?"

"Nililala vizuri kabisa. Ndiyo aibu yenyewe."

Matroni akamgeukia. Maisha yake yote alikuwa amesikia wanaume wakiomba radhi, na kila mmoja alikuwa na habari za jinsi alivyokosa usingizi. Huyu alilala. Akautazama mkono wake uliokaa juu ya gia, mkono mkubwa wenye madoadoa ya uzee, akaufunika kwa wake.

"Mjinga wewe," akasema.

"Najua, mpenzi."

"Sijakuruhusu hilo neno." Lakini mkono hakuuondoa.

Siku ya mtihani ilipowadia alipokelewa na aliyekuwa naibu wa Mtahini. Huyu naye alikuwa amestaafu mwaka jana, akapewa kiinua mgongo chake, akaenda nyumbani wiki tatu, akarudi kwa mkataba. Alikuwa amelegea kitini, soksi zinaonekana, huku kwenye meza ya pembeni binti mmoja, mtahini kijana wa ofisi hiyo, akihangaika na majalada yaliyomfika kidevuni. Naibu alimzungusha Matroni mtaa mmoja, akipiga soga njia nzima. Wakati wa kuegesha, tairi la nyuma likapanda ukingo wa barabara. Naibu akacheka tu.

"Hapo hapo panatosha, mama. Hongera."

Matroni akapewa fomu ya kufaulu. Alikuwa bado kwenye kaunta anaisoma aliposikia sauti ya Naibu nyuma ya ubao mwembamba, akiongea na simu.

"Bosi! Yule mama yako nimempitisha, ondoa shaka. Na mkataba wako uko mezani kwangu, njoo usaini turudi kazini wote. Huyu binti wa hapa atasubiri, umri anao."

Matroni akaiacha fomu juu ya kaunta, akatoka. Mtahini alikuwa nje kando ya gari, kavaa shati jipya lenye mikunjo ya dukani.

"Enhe, umefaulu?"

"Si umeshapigiwa simu? Ulimwambia nini yule mtu?"

"Nilimuuliza saa ya mtihani tu. Nikamwambia wewe ni mtu wangu. Basi."

"Basi! Unajua vizuri maneno hayo yanavyosikika kwenye ofisi yenu."

Mtahini akaanza kuinyoosha mikunjo ya shati lake.

"Na mkataba?"

"Ni wa miaka miwili tu, Matroni. Wananihitaji."

"Wanakuhitaji? Mle ndani kuna binti anafanya kazi ya watu wawili, na anawaamkia kila siku wanaomkalia kiti chake. Mzee, kutafuta kazi nyingine uzeeni sikulaumu, hata mimi ninayo. Unafundisha, unalipwa, unakwenda nyumbani kwako. Lakini kurudi palepale ulipoagwa ni uroho. Na kingine: zamani ulininyima haki yangu, leo mmenipa zawadi. Mara zote mbili hakuna aliyetazama ninavyoendesha."

Akaondoka kwa miguu, magoti yakilalamika, mgongo umenyooka.

Siku tisa simu ililia na siku tisa hakuipokea. Alipokea ya binti yake.

"Mama, si uichukue tu hiyo leseni? Kila mtu anafanya hivyo."

"Ndiyo maana kila siku watu wanagongwa."

"Na huyo baba? Unampenda au humpendi?"

"Ninamdharau."

"Mama, hata baba yetu hukuwahi kumdharau kwa sauti hiyo."

Matroni akakata simu kwa hasira. Siku hizo gauni alilovaa lilikuwa la kahawia tu.

Siku ya kumi akarudi ofisi ya mitihani, akampita Naibu bila kumsalimia, akasimama mbele ya meza ya pembeni.

"Shikamoo, mama," binti mtahini akasema. "Lakini hapa naona ulishafaulu."

"Marahaba. Futa hayo. Nipime wewe, na usinionee haya."

Binti hakumwonea haya. Alimpitisha sokoni, akampandisha kilima, akamsimamisha katikati ya kilima, akamrudisha kinyumenyume kwenye uchochoro. Matroni alitoka jasho mpaka kola ikalowa. Mwishoni tairi likapanda ukingo, kama siku ile.

"Samahani, mama. Umeanguka," binti akasema, akampa karatasi. Makosa matatu, kila moja na mahali lilipotokea. Matroni akaisoma mara mbili, akasikia raha ambayo hakuitegemea. Ilikuwa mara ya kwanza mtahini kukaa pembeni yake akatazama anavyoendesha.

"Ahsante, mwanangu. Utafika mbali, wakikupisha."

"Labda watanipisha." Binti akatabasamu. "Bosi wetu wa zamani alikuja wiki iliyopita, akaurudisha mkataba bila kuusaini. Naibu amenuna mpaka leo hatusalimii."

Matroni akatoka nje, akasimama juani, akapiga simu.

"Nimeanguka."

"Umeanguka wapi? Umeumia? Usisimame, nakuja!"

"Mtihani, mzee. Nimeanguka mtihani."

"Nani kakuangusha?"

"Yule binti. Kanikuta na makosa matatu, ya haki kabisa. Mawili nimeyapata kwa mwalimu wangu."

Mtahini alifika na gari la shule kabla jasho halijamkauka Matroni. Alisimama mbele yake, akamnyooshea leso.

"Kwa nini hukusaini?" Matroni akamuuliza.

"Nilifika nisaini. Nikamkuta binti amelala juu ya majalada, saa tano asubuhi, kwa uchovu. Nikakumbuka ulivyoniita."

"Nilikuita mroho."

"Uliniita hivyo. Nilikuwa hivyo."

Matroni akageuza uso kidogo, ajifanye anatazama magari. "Mwisho wa mwezi ni keshokutwa. Kazi yangu inakwenda."

"Haiendi. Mpaka ufaulu nitakuendesha mimi asubuhi, nifundishe mchana."

"Kwa cheo gani?"

"Cha mume." Akakohoa kile kikohozi chake. "Nimekaa siku tisa nikitafuta namna nzuri ya kulisema. Sikuipata. Nioe, Matroni, au nikuoe, vyovyote utakavyopenda."

Matroni akamkagua kuanzia viatu mpaka upara, bila haraka, kama alivyokuwa akikagua vitanda vya wodini kabla ya daktari mkuu kupita.

"Nafasi ipo," akasema. "Miezi mitatu ya majaribio. Ukikoroma, unastaafishwa tena."

Mtahini akacheka mpaka wapita njia wakageuka, kisha akakimbilia kumfungulia mlango wa abiria, akiinama kidogo. Matroni akautazama mlango ule kwa dharau, akauzunguka, akaketi kwenye usukani, akafunga mkanda.

"Panda, laazizi," akasema. "Mwanafunzi haendeshi bila mwalimu pembeni, na wagonjwa wanasubiri."