Sufuria ya Bibi Huhana

Jumamosi ile ilianza kama Jumamosi yoyote ya mtu asiye na kazi. Tamihana aliamka jua limeshapanda, akanywa chai, akafungua simu, akakuta kampuni nyingine imemshukuru kwa kuomba nafasi. Kushukuriwa alikuwa ameshachoka. Digrii yake ilining'inia sebuleni, ndani ya fremu aliyonunua bibi yake, katikati ya picha za marehemu wa ukoo, na kuna siku aliona kama wote wako kundi moja.

Hawa ni majirani zetu, ng'ambo ya daraja la mto Wairoa. Ukitaka kuwauliza, kawaulize. Hawatakujibu.

Kiwanda cha kufungasha tufaha kilikuwa kinatafuta watu, lakini basi halifiki kule, na msimamizi alisema wazi: asiye na usafiri wake asijisumbue. Usafiri ulikuwepo. Ulikuwa bandani chini ya turubai: pikipiki kuukuu ya Mjomba Manahi, kitinda mimba wa Bibi Huhana, aliyekufa nayo kwenye kona ya mto jioni moja ya kiangazi. Baada ya mazishi mchungaji alipita chumba hadi chumba akiiombea nyumba iondokewe na mwiko wa kifo, lakini siku hiyo pikipiki ilikuwa bado kwa polisi. Ililetwa baadaye, watu wameshachoka kulia, ikasukumwa bandani. Bibi akasema neno moja tu: isiguswe mpaka siku ya kufunua jiwe la kaburi, mwaka wa msiba ukitimia.

Siku ya kufunua jiwe ilikuwa mbali. Njaa ilikuwa karibu. Basi Bibi alipokwenda msibani mji wa Gisborne, Tamihana akavuta turubai.

"Wewe umewahi kufungua hata baiskeli?" dada yake Ngahuia alimcheka kutoka dirishani.

"Kuna video."

"Hata upasuaji wa moyo una video, kaka."

Mvua ikaanza. Banda linavuja, kwa hiyo akaisukuma pikipiki mpaka jikoni, akaifungua huko, akapanga vyuma juu ya meza, kwenye magazeti. Tatizo alilijua: kabureta, kile kifaa cha kuilisha injini petroli, imeziba, petroli imekaukia ndani ikawa kama gundi. Yule jamaa wa kwenye video alisema ichemshwe kwa maji na ndimu, uchafu utatoka wenyewe. Tamihana akateremsha sufuria kubwa kuliko zote, ile ya Bibi ya kuchemshia mifupa ya nguruwe na mboga ya pūhā.

Ngahuia aliingia akasimama mlangoni. Hakucheka tena.

"Tami. Hiyo sufuria ya chakula."

"Nitaiosha."

"Hicho ni kitu cha maiti! Nyumba hii hata kofia haiwekwi juu ya meza ya kulia, wewe unampika Mjomba?"

"Miaka minne chuoni, halafu uniletee mambo ya tapu, miko ya wazee. Nenda zako, sista."

Akawasha moto. Povu lilipanda jekundu. Kutu, alijiambia. Alimwaga, akasugua sufuria mpaka ikang'aa, akambembeleza dada yake asiseme. Dada yake hakusema.

Bibi alirudi kesho yake. Alipoona vyuma mezani aliagiza virudi bandani kukikauka, akaanza kupika. Sufuria alichukua ileile. Tamihana alimwona akipakua. Yeye akasema ameshiba, Ngahuia akasingizia tumbo. Bibi akala peke yake, kijiko cha kwanza, cha pili. Akaweka kijiko chini.

"Mbona ina petroli?"

Tangu hapo hakuna kilichopita. Mkate, petroli. Maziwa, petroli. Maji matupu, petroli. Daktari alimpima akasema damu yake safi, ni uzee tu, ajitahidi kula. Bibi alijitahidi, akatapika. Mwili ukayeyuka, ukabaki mfupa na macho. Ngahuia aliacha kuwasha kiberiti karibu yake. Pumzi ya Bibi ilinuka petroli.

Ndipo Tamihana alipokwenda kwa mchungaji, Pāpā Hōhepa, akamwaga yote huku analia. Mzee hakumgombeza. Angegombeza ingekuwa nafuu. Alikuja, akanyunyiza maji jikoni, akaomba kwa sauti ya chini, akavitazama vile vyuma, bado viko mezani kwa kuwa mvua haikukatika.

"Chombo hiki kitoke humu ndani kizima kama kilivyoingia, moko, mjukuu wangu," alinong'ona. "Kisibaki hata kipande. Kikitoka kizima tutakizika, naye ataweza kula. Kikitoka pungufu, hakijatoka."

"Pāpā, mimi sijui kukifunga."

"Ulijua kukifungua."

Akafunga. Video ikisema kaza, anakaza. Alipomaliza, mezani palibaki pete moja ya shaba. Akafungua yote, akaanza upya. Pete ikapata mahali pake. Ikabaki spring. Akafungua. Spring ikaingia. Kikabaki kipini. Ngahuia akawa anapiga picha kila kipande kabla hakijaingia, na Pāpā Hōhepa anavihesabu kwa kidole. Wakafunga pamoja, watu watatu, wamebana pumzi.

Kikabaki kimoja.

Ngahuia alitafuta kwenye simu, picha baada ya picha. Hakikuwamo.

"Hiki kimetoka wapi?"

Tamihana alikishika. Kilikuwa cha moto, kama chuma kilichotoka safari sasa hivi.

"Tami!" Bibi aliita kutoka chumbani, sauti nyembamba kama uzi. "Mwambie mjomba wako aache honi. Nimemsikia."

Hakuna honi iliyolia.

Akafungua tena. Afanye nini? Alasiri ile, mvua ya Julai, katikati ya majira yetu ya baridi, inapiga bati, pikipiki ilikuwa juu ya sakafu ya jikoni haina gurudumu la mbele. Kabureta ilikuwa mkononi mwake.

Injini ikawaka.

Si bandani. Si barabarani. Ndani, kwenye ujia, nyuma ya mlango wa jikoni. Vikombe vilitetemeka kabatini. Pāpā Hōhepa alifungua mdomo aombe, maneno hayakuja. Tamihana alitaka kusimama. Miguu ilikataa. Mngurumo ulipita polepole mbele ya mlango, ukaenda mpaka chumba cha Bibi, ukatulia hapo, ukisubiri.

Wakamsikia Bibi akicheka. Kicheko cha msichana.

"Ngoja basi nivae koti!"

"Bibi, usiende!" Tamihana alipiga kelele. Haikutoka sauti.

Mngurumo ukapanda. Ukatoka. Ukafifia upande wa mto.

Miguu ikarudi. Wakakimbia. Bibi Huhana alikuwa kitandani, amelala chali, amekufa, yeye ambaye siku nyingi hakuweza kuinua kijiko. Koti amevaa, vifungo vyote vimefungwa hadi shingoni. Nywele zake nyeupe zimelala nyuma, kama zimepigwa na upepo.

Ngahuia alipiga magoti amfute uso. Mkono ukaishia njiani.

"Pāpā," alinong'ona. "Njoo uone."

Kwenye paji la uso wa Bibi, kwenye nyusi, mpaka kwenye meno ya mbele, walikuwa wamegandamana wadudu wadogo waliopondeka, wale wa jioni za kiangazi, wanaompiga usoni mtu anayekwenda mbio barabara ndefu. Wengine bado walikuwa wanachezesha mabawa.