Hii Haipigwi
Farhan, rafiki yangu anayeuza runinga pale Majengo, hakanyagi tena Kabungu. Mara ya mwisho alikwenda kumfungia bibi Pelagia flati skrini aliyonunuliwa na wanawe. Bibi hakuitaka.

“Ile ya zamani, ya chogo, ikigoma, marehemu mume wangu alikuwa anaipiga kofi. Mpaka leo anakuja kuipiga. Hii haipigwi, baba. Atafanyaje?”

Farhan akacheka, akaitundika, akaitoa ya chogo nje. Jioni, kabla hajaondoka, picha ikaganda, kisha umeme ukakatika. Gizani likasikika kofi moja zito. Kioo kikalia.

“Basi,” bibi akasema kutoka kitini kwake, mbali. “Sasa hana cha kupiga. Harudi tena.”

Farhan akawasha tochi ya simu. Kioo kilikuwa na ufa wenye umbo la kiganja, vidole vyote vitano.